Kufanya kazi na Java na .NET kwa pamoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Riziki yangu inatoka pande mbili. Asubuhi naweza kuwa ndani ya mfumo wa Java unaopokea malipo, mchana niko kwenye programu ya C#, lugha kuu ya .NET, inayoendesha kaunta za duka, na mara nyingi kazi yenyewe ni kuifanya mifumo hiyo miwili isikilizane. Vijana wanaoanza fani hii na wakuu wa vitengo vya TEHAMA wananiuliza maswali yaleyale. Nimeyaweka hapa. Yale yanayoumiza watu kazini nimeyajibu kwa urefu, mengine nimeyapitia haraka.

Java na .NET zinashindania nini hasa?

Zinashindania kazi ileile. Unaandika msimbo, kompaila inaugeuza kuwa lugha ya kati, kisha mashine pepe inaigeuza lugha hiyo kuwa maagizo ya prosesa wakati programu inakimbia. Upande wa Java mashine hiyo inaitwa JVM, upande wa .NET inaitwa CLR. Zote mbili zinasafisha kumbukumbu zenyewe, zote zina maktaba za kila namna, na zote zinapendwa na watu wa mifumo mikubwa ya benki, bima, hospitali na serikali.

Ugomvi wao ni wa siku nyingi. Sun Microsystems ilitangaza Java mwaka 1995, kazi iliyoongozwa na James Gosling, kwa ahadi kwamba programu ukiiandika mara moja itakimbia kwenye kompyuta yoyote. Mwaka 1996 Microsoft ilichukua leseni ya Java, ikatengeneza toleo lake lililochanganywa na mambo ya Windows pekee, jambo lililoivunja ile ahadi. Sun ikaenda mahakamani Oktoba 1997. Kesi iliisha kwa mapatano Januari 2001, Microsoft ikalipa dola milioni 20, lakini wakati huo ilikuwa imeshatangaza njia yake yenyewe. C# na .NET zilitangazwa mwaka 2000, na toleo la kwanza kamili likatoka Februari 2002. Aliyeongoza usanifu wa C# ni Anders Hejlsberg, ambaye kabla ya hapo alitengeneza Turbo Pascal na kuongoza Delphi akiwa Borland. Aprili 2004 kampuni hizo mbili zilimaliza na kesi zilizobaki, na safari hii Microsoft ilikubali kulipa karibu dola bilioni 2. Sun yenyewe ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010.

Historia hii si porojo. Ndiyo inayoeleza kwa nini lugha hizi zinafanana kama ndugu wa baba mmoja. C# ilisanifiwa Java ikiwa tayari sokoni, na wasanifu wake walichukua walichokiona kinafaa na kurekebisha walichokiona kinasumbua.

Nikijua moja, nyingine itanichukua muda mrefu?

Kusoma, hapana. Mtu wa Java akifungua faili la C# ataelewa sehemu kubwa siku hiyohiyo. Kuandika vizuri ni habari nyingine, na hapa naomba unisikilize, kwa sababu hili ndilo ninalowaambia wote: hatari haiko kwenye mambo yanayotofautiana, iko kwenye yale yanayofanana. Anayetoka Python kwenda Java anakuwa macho kila mstari. Anayetoka Java kwenda C# anajiona yuko nyumbani, anaandika kwa mazoea, kompaila inakubali, majaribio madogo yanapita, halafu kasoro inajitokeza mwezi wa tatu mteja akiwa ameshaanza kulalamika.

Habari njema ni kwamba ujuzi wa chini unavuka bila kupungua. Hata maktaba zenyewe zimevuka. JUnit ya Java ilizaa NUnit, Hibernate ikazaa NHibernate, log4j ikazaa log4net, Lucene ikazaa Lucene.NET. Ukielewa kwa nini Hibernate, maktaba ya Java ya kuongea na kanzidata, inakupigia kanzidata maswali mia pale ulipodhani imepiga moja, utaitambua kasoro hiyohiyo ndani ya Entity Framework, maktaba ya kazi hiyo upande wa .NET.

Mitego ya lugha yenyewe ni ipi?

Wa kwanza ni alama za == kwenye maneno. Katika C#, ukilinganisha string mbili kwa ==, unalinganisha herufi zilizomo. Katika Java unauliza kama ni kitu kilekile kimoja ndani ya kumbukumbu, na ukitaka kulinganisha herufi unatumia equals. Ubaya wa mtego huu ni kwamba ukijaribu kwa maneno uliyoyaandika mwenyewe ndani ya msimbo, Java itakujibu kweli, kwa sababu maneno ya namna hiyo inayahifadhi mahali pamoja. Neno likitoka kwenye kanzidata au kwenye ujumbe wa mtandao, jibu linageuka.

Wa pili, ndugu yake, ni Integer ya Java, yaani namba kamili iliyofungwa kama kitu. Ukilinganisha Integer mbili zenye 127 kwa ==, jibu ni kweli. Zikiwa na 128, kwa kawaida jibu ni si kweli. Sababu ni kwamba Java inatunza tayari namba za kuanzia -128 hadi 127 na kuzitumia tena. Mfumo wenye wateja 100 utakwenda vizuri, na ukifika wateja 130 utaanza kuonyesha mambo ya ajabu.

Wa tatu ni byte. Ya C# inaanzia 0 hadi 255. Ya Java inaanzia -128 hadi 127. Kifaa kikituma baiti yenye thamani 200, C# inaonyesha 200, Java inaonyesha -56. Data ni ileile, haijaharibika, ila anayesoma asipojua atatafuta mwizi asiyekuwepo.

Wa nne ni urithi wa klasi. Katika Java, methodi ya kawaida inaweza kubadilishwa na klasi inayorithi bila kuomba ruhusa, isipokuwa umeifunga kwa final. Katika C# ni kinyume: mwenye klasi lazima aandike virtual, na anayebadilisha aandike override. Usipoandika, C# inakupa onyo tu, kisha inaacha methodi mbili zenye jina moja, na itakayoitwa inategemea unaishika kwa aina gani. Kwenye miradi yenye maonyo mengi yasiyosomwa, onyo hilo linapotea kama sindano kwenye nyasi. Mimi huyageuza maonyo yote kuwa makosa katika kila mradi mpya wa C#, na kazi hiyo ni ya mstari mmoja kwenye faili la mradi.

Yapo na mengine. Java inakulazimisha kutangaza au kushughulikia baadhi ya makosa yanayoweza kurushwa na methodi, C# haikulazimishi lolote. Orodha ya int katika C# inabeba int halisi, wakati ya Java inabeba vitu vya Integer. Hayo utayazoea njiani.

Kwa nini hesabu za pesa hazilingani kati ya mifumo miwili?

Swali hili naliheshimu, maana hapa kasoro inakuwa fedha ya mtu.

Chukua bidhaa ya shilingi 12,525. VAT ya asilimia 18 ni shilingi 2,254.5. Hatuna senti mkononi, kwa hiyo lazima kukadiria. Ipe Math.round ya Java hiyo 2254.5, itakupa 2255. Ipe Math.Round ya C# namba hiyohiyo, itakupa 2254. Hakuna iliyokosea. Java inapandisha nusu. C# isipoambiwa vinginevyo inafuata utaratibu wa wahasibu wa kupeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu, ili makadirio ya juu na ya chini yafidiane. Risiti ya kaunta itasema 2254, leja ya makao makuu itasema 2255, na mhasibu ataanza kutafuta shilingi moja moja mwisho wa mwezi kwenye maelfu ya risiti.

Dawa yake ni kutamka kanuni kwa maandishi pande zote mbili. Katika C# andika MidpointRounding.AwayFromZero, katika Java tumia BigDecimal na RoundingMode.HALF_UP, na kanuni yenyewe ipitishwe na watu wa fedha, isiamuliwe na mwandishi wa msimbo saa nne za usiku.

Jambo la pili: usitumie double, aina ya namba zenye nukta zinazohifadhiwa kwa makadirio, kwa pesa, upande wowote. Kwenye zote mbili 0.1 ukijumlisha na 0.2 unapata 0.30000000000000004. C# ina aina ya decimal ndani ya lugha na inatumika kirahisi. Java ina BigDecimal, ambayo ni imara ila ina tabia yake: 2.0 na 2.00 ukizilinganisha kwa equals inasema si sawa, kwa sababu inaangalia na idadi ya tarakimu baada ya nukta. Tumia compareTo.

Namba ya kitambulisho inatoka Java ikiwa nzima, ikifika C# imevurugika. Nani kaivuruga?

Hakuna aliyeivuruga. Wamepanga baiti kwa mtindo tofauti.

Chukua kitambulisho hiki: 00112233-4455-6677-8899-aabbccddeeff. Kitambulisho cha namna hii Java inakiita UUID, .NET inakiita Guid. Java ikikiandika kama baiti 16 kwa kuzitoa nusu mbili za UUID kama kawaida, mpangilio ni ule unaousoma kwa macho: 00 11 22 33, 44 55, 66 77 na kuendelea. Guid.ToByteArray ya .NET inatoa 33 22 11 00, 55 44, 77 66, kisha zilizobaki zinafuata zilivyo. Makundi matatu ya mwanzo yamegeuzwa, mawili ya mwisho hayakuguswa. Kwa sababu nusu ya pili inabaki sawa, mtu anayeangalia haraka anaona mkia unafanana na anadhani ni kasoro ya kunakili.

Ukituma kitambulisho kama maneno ndani ya JSON, muundo wa maandishi wa kubadilishana data kati ya mifumo, tatizo hili halipo. Linakuja mnapohifadhi baiti kwenye safu ya BINARY(16) na mifumo yote miwili inasoma jedwali moja. Tangu .NET 8 unaweza kuiambia ToByteArray itumie mpangilio wa kawaida kwa kuipa true. Kwa matoleo ya nyuma, geuza mwenyewe na uweke jaribio linalotumia kitambulisho hichohicho nilichokiandika hapo juu, maana kila baiti yake ni tofauti na kosa linaonekana papo hapo.

Tabia hii iko hata kwenye namba za kawaida. DataOutputStream ya Java inaanza na baiti kubwa, BinaryWriter ya .NET inaanza na ndogo.

Na tarehe?

Muamala uliofanyika Dar es Salaam saa saba na nusu usiku, kwa saa za UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma yetu kwa saa tatu, ni saa nne na nusu usiku wa siku iliyotangulia. Mfumo mmoja ukihifadhi kwa UTC na mwingine ukasoma kana kwamba ni saa za hapa, mauzo ya usiku wa manane hadi saa tisa alfajiri yote yanahamia jana. Kwa duka linalofunga saa mbili usiku hutaliona kamwe. Kwa kituo cha mafuta, hospitali au mfumo wa kutuma pesa, ripoti ya kila siku itakuwa na kasoro kila siku.

Java tangu toleo la 8 ina java.time, na ninaisifu bila kusita: Instant ni nukta ya wakati, LocalDateTime ni saa ya ukutani, na kompaila haikuruhusu uzichanganye. C# kwa muda mrefu imetegemea DateTime, ambayo inabeba vyote viwili na wakati mwingine yenyewe haijui ni ipi. Tumia DateTimeOffset kila inapowezekana.

Jina la ukanda wa saa nalo lina visa vyake. Java inajua Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi. Windows kwa desturi inaita E. Africa Standard Time. Kuanzia .NET 6 majina yote mawili yanakubalika, kabla ya hapo ilibidi utafsiri mwenyewe.

JSON si lugha ya wote? Itaharibika vipi?

Inaharibika kimya kimya. Klasi ya C# ina CustomerName kwa herufi kubwa, ya Java ina customerName. System.Text.Json, maktaba ya .NET ya kusoma JSON, ikitumiwa peke yake inatofautisha herufi kubwa na ndogo, na isipoliona jina inalolitafuta haitoi sauti. Inaacha tu nafasi tupu. Ukiwa ndani ya ASP.NET Core, sehemu ya .NET ya kujengea huduma za mtandao, mipangilio ni tofauti na inakusamehe, ndiyo maana msimbo uleule unafanya kazi kwenye API na unashindwa kwenye kazi ya usiku. Jackson, maktaba ya JSON ya Java, kwenye matoleo yake ya 2 ina tabia ya kinyume: ikikutana na jina isilolijua, inagoma, isipokuwa Spring Boot, mfumo wa kujengea huduma za Java, imeiambia ivumilie. Andikeni mkataba wa majina na muuweke kwenye hazina moja ambayo timu zote mbili zinaisoma.

Ipi ina kasi zaidi?

Kwa mifumo ya biashara, tofauti utakayoipata kwa kurekebisha maswali ya kanzidata ni kubwa kuliko utakayoipata kwa kuhama jukwaa. Pima mfumo wako kabla ya kubishana.

.NET si ya Windows tu?

Ilikuwa hivyo kwa watu wengi, ingawa mradi wa Mono ulikuwepo kwenye Linux tangu mapema. Novemba 2014 Microsoft ilitangaza kuifungua .NET kuwa chanzo huria, Juni 2016 ikatoa .NET Core 1.0, na leo ninaendesha huduma za C# kwenye seva za Linux bila shida. Kinachobaki Windows ni mifumo ya zamani ya .NET Framework, na programu za madirisha za WinForms na WPF, ambazo huku kwetu bado zipo nyingi kwenye kaunta na ofisi.

Nani anatoza pesa?

.NET iko chini ya leseni ya MIT, huru. Java pia ni huru ukitumia OpenJDK, kwa mfano matoleo ya Eclipse Temurin au Amazon Corretto. Panapohitaji umakini ni JDK (kifurushi cha kuandikia na kuendeshea Java) ya Oracle yenyewe, ambayo masharti yake yamebadilika mara kadhaa, na tangu Januari 2023 usajili wake wa kulipia unahesabiwa kwa idadi ya wafanyakazi wa kampuni nzima. Kama kampuni yako ina wafanyakazi wengi na mtu alishusha JDK ya Oracle bila kusoma, kagueni mapema. Kuhamia Temurin kwa kawaida ni kazi ya mchana mmoja.

Kwa ajira za huku, nianze na ipi?

Angalia unataka kutumikia nani. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, umeandikwa kwa Java. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliokua pamoja na kazi za AMPATH, mpango wa huduma za afya huko Eldoret, Kenya, ni Java. Apache Fineract, inayotumiwa na taasisi za mikopo midogo, ni Java. Zote tatu ni chanzo huria: unaweza kusoma msimbo wake leo usiku, kuchukua kasoro ndogo, kuirekebisha na kuituma. Kwa kijana asiye na uzoefu wa kuandika kwenye wasifu, sijui njia bora kuliko hiyo, na kazi unayoifanya inafika zahanati. Ukiwa na Java vilevile unakaribia Kotlin, lugha nyingine ya JVM, ambayo Google iliitambua rasmi kwa Android mwaka 2017.

C# nayo ina soko lake kwenye ofisi zilizojengwa juu ya Windows na SQL Server, na kwa wanaopenda michezo ya kompyuta, Unity, programu ya kutengenezea michezo hiyo, inatumia C#.

Anza na moja, ikae mwaka mzima kichwani, kisha ongeza ya pili. Wanaojifunza zote mbili kwa wakati mmoja huishia kuzichanganya kwenye usaili.

Timu zetu mbili zinabishana kila siku ipi ni bora. Tufanyeje?

Wape kazi ya kupitia msimbo wa wenzao. Ubishi mwingi unatokana na kutojua, na lugha zenyewe zimeshaacha kubishana na zinaazimana waziwazi. C# ilikuwa na lambda, yaani methodi fupi zisizo na jina, mwaka 2007, Java ikazipata 2014. C# ilileta async na await, maneno ya kusubiri kazi ndefu bila kuizuia programu, mwaka 2012. Java ikachagua njia yake, nyuzi pepe, zilizokamilika kwenye Java 21 mwaka 2023, na binafsi naona njia ya Java ni safi zaidi kwa msimbo wa seva kwa sababu methodi zako hazibadiliki sura. Kwa upande mwingine LINQ ya C#, namna ya kuandika maswali ya data ndani ya lugha yenyewe, bado naikosa kila ninaporudi Java. Mtu anayeweza kusema sentensi zote mbili ndiye ninayemtaka kwenye mkutano wa usanifu.

Jambo moja dogo linasaidia amani: kila msimbo ufuate desturi za kwao. Methodi za C# zianze na herufi kubwa na intafesi zianze na I. Za Java zianze na herufi ndogo. Msimbo wa C# uliovaa mavazi ya Java unawachosha wote.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 8 na natumia bando. Nitaweza?

Utaweza, kwa mpangilio. Usifungue IDE (programu za kuandikia msimbo) mbili nzito pamoja. VS Code inatosha kwa upande mmoja huku mwingine ukiwa kwenye IntelliJ au Rider. Rider tangu Oktoba 2024 ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Kanzidata iendeshe moja tu.

Kinachomaliza bando ni maktaba. Maven, chombo cha Java cha kushusha maktaba, inazihifadhi kwenye folda ya .m2, na NuGet, mwenzake wa .NET, kwenye .nuget/packages, zote ndani ya folda yako ya nyumbani. Ukifika penye Wi-Fi, ndani ya mradi wa Java piga mvn dependency:go-offline, na ndani ya mradi wa C# piga dotnet restore. Ukihamia kompyuta nyingine, nakili folda hizo kwa flashi. Watu wanazifuta wakitafuta nafasi kwenye diski, kisha wanashangaa kifurushi cha wiki kimeisha kwa siku moja.

Nianze na toleo lipi?

Lile lenye msaada wa muda mrefu. Upande wa .NET, matoleo hutoka kila Novemba na yenye namba shufwa huhudumiwa miaka mitatu: .NET 8 ilitoka 2023 na .NET 10 ikatoka 2025. Upande wa Java toleo jipya hutoka kila miezi sita, na ya muda mrefu ni 8, 11, 17, 21 na 25, hii ya mwisho ikiwa ya Septemba 2025. Mradi mpya uanze na .NET 10 na Java 25. Ukikuta kazini bado wako Java 8, usicheke na usikimbilie kuhamisha. Andika kwanza majaribio ya zile sehemu za pesa, tarehe na vitambulisho, yapite yote kwenye toleo la zamani, ndipo ubadilishe namba ya toleo na kuyaendesha tena.